Maji Yanayozunguka: Kutoka Ndoo ya Mwembeni Hadi Meza ya Mota ya Waipa

Kabla hujatoa hata shilingi mia, tafuta ndoo yenye mkono imara, kamba ya katani ya mita 2, na tawi la mwembe lisiloyumba. Jaribio la kwanza halihitaji kingine. Isaac Newton alilieleza mwaka 1687, na mpaka leo linawachanganya watu wazima kuliko watoto.

Ning'iniza ndoo ifike usawa wa kiuno, itie maji mpaka nusu, kisha ipindishe upande mmoja mizunguko 40 au 50 mpaka kamba ikaze na kuanza kujikunja vifundo. Ishike. Subiri uso wa maji utulie kabisa, uone majani ya mwembe ndani yake. Sasa iachie, usiisukume.

Mwanzoni ndoo inakwenda mbio lakini maji yamelala bapa, kana kwamba hayana habari. Baada ya muda yanaanza kuifuata, yanapanda ukingoni na kubonyea katikati. Halafu yanafika mahali yanakwenda sawa na ndoo: ukitupia jani dogo juu yake, jani halisogei ukilipima na ukuta wa ndoo, na hapo ndipo shimo la katikati lina kina kuliko wakati wowote. Mwisho, ikamate ndoo ghafla. Ukuta umesimama, maji bado yanazunguka, na shimo bado lipo.

Rudia mpaka hiyo hatua ya tatu ikukae kichwani. Wengi wanadhani maji hupanda kwa sababu ukuta unayasugua. Lakini pale mwanzo ukuta ulikuwa unapita kasi kando ya maji na hakukuwa na shimo. Baadaye maji na ukuta walikuwa hawasuguani kabisa, na shimo likawa kubwa. Kwa hiyo ukuta kazi yake ni kuyaanzisha maji tu. Shimo linatokana na maji yenyewe kuzunguka. Yazunguke ukilinganisha na nini? Newton alisema na nafasi yenyewe, hata kama haina kitu ndani yake. Ernst Mach, katika karne ya 19, akamjibu kwamba pengine ni na nyota na kila kitu kilichomo ulimwenguni. Huo mjadala waachie wenyewe, sisi twende kwenye vipimo.

Hesabu moja ya kubeba mfukoni

Maji yakishazoea mzunguko, kila tone lina mambo mawili: uzito wake unalivuta chini, na mzunguko unalisukuma nje. Msukumo wa nje unakua kadiri tone linavyokaa mbali na katikati. Uso wa maji hujilaza kwa kukingama mvuto huo wa jumla, kama unavyokingama uzito peke yake maji yanapokuwa kwenye beseni lililotulia. Katikati kabisa hakuna msukumo wa nje, basi uso uko bapa. Ukienda sentimita 5 unapata mteremko fulani. Ukienda sentimita 10, mteremko ni mara mbili. Umbo linalokua namna hiyo ni parabola, lile lile la sahani ya dishi la televisheni.

Kwa chombo chenye ukuta ulionyooka, tofauti ya kimo kati ya maji ya ukingoni na ya katikati unaipata hivi:

H = (N × R ÷ 422)²

N ni mizunguko kwa dakika, R ni nusu kipenyo cha chombo kwa sentimita, H inatoka kwa sentimita. Hiyo 422 nimeikokotoa kwa mvutano wa dunia wa huku kwetu Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, yaani mita 9.78 kwa sekunde kwa sekunde, kwa kuwa tuko karibu na ikweta na juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa kopo lenye nusu kipenyo cha sentimita 10: mizunguko 30 kwa dakika inakupa nusu sentimita tu, 45 inakupa sentimita 1.1, 60 inakupa 2, 90 inakupa 4.5, na 120 inakupa 8.1. Spidi ikiongezeka mara mbili, kina kinaongezeka mara nne. Ndiyo maana mtu anayejaribu kwa spidi ndogo haoni kitu, na anayekazana kidogo tu analowa.

Tazama pia kitu ambacho hakimo kwenye kanuni hiyo: aina ya kimiminika. Maji, mafuta ya alizeti, maziwa, asali, dizeli, vyote vinafanya shimo lile lile kwa spidi ile ile. Nitarudi hapo, kwa sababu ndilo jambo ambalo watu hubisha zaidi, na kulithibitisha ni kazi ya nusu saa.

Jambo lingine la msaada: katika chombo cha ukuta ulionyooka, katikati hushuka kiasi kile kile ambacho ukingo hupanda. Piga mstari wa wino pale maji yalipokuwa kabla ya kuzunguka. Kama H ni sentimita 4, ukingo utapanda 2 juu ya mstari na katikati itashuka 2 chini yake. Isipokuwa hivyo, ama chombo chako kina tumbo, ama maji hayajakamilisha kuzoea mzunguko, ama shimo limegusa sakafu ya chombo.

Kujenga meza

Kamba ya mwembe haikupi spidi ya kudumu. Kwa vipimo vya kweli unahitaji meza inayozunguka bila kubadilika kwa dakika 10 au zaidi. Nimejenga tatu. Mbili za kwanza zilikuwa aibu tupu. Hii ya tatu ndiyo naieleza.

Vitu vyenyewe: haba (kitovu) ya gurudumu la mbele la bodaboda iliyochakaa lakini yenye beringi nzuri, bolti ndefu inayoingia kwenye beringi hizo bila kucheza, kipande cha mbao ngumu cha nusu mita, duara la plaiwudi la sentimita 30, mota ya waipa ya gari, betri ya volti 12 (ya sola inatosha), fyuzi ya ampea 10, na tyubu kuukuu ya lori. Mota ya waipa utaipata kwa wauza spea wowote. Kampala ni soko la Kisekka, sisi wa Busia tunazunguka gereji za mpakani. Chagua mota kwa sababu mbili: tayari ina giya za kupunguza spidi, na ina spidi mbili. Nyingi huzunguka kama mara 45 kwa dakika kwenye spidi ndogo na mara 65 kwenye kubwa, lakini pima ya kwako. Waya zake zinachanganya kwa sababu ya ile njia ya kurudisha waipa mahali pake; fundi wa umeme wa magari atakuonyesha kwa dakika moja upi ni wa spidi ndogo na upi ni wa kubwa.

Nilipompelekea fundi wa kuchomelea ile haba, aliigeuza geuza mkononi.

“Mwalimu, unatengeneza feni?”

“Hapana, fundi. Nataka beseni lizunguke.”

“Lizunguke lisage nini?”

“Lisisage kitu. Nataka kutazama maji.”

Akashusha miwani yake ya kuchomelea. “Basi hii utalipa kwanza.”

Bolti isimame wima kwenye mbao, ikiwa imekazwa kwa nati na washa pande zote mbili. Haba inakaa juu yake, na plaiwudi inafungwa juu ya haba kwa skrubu nne. Haba ndiyo ibebe uzito wote. Usikubali ushauri wa kuweka beseni moja kwa moja kwenye ekseli ya mota: giya zake zina mchezo, na beseni litatikisika kama mlevi. Hilo lilikuwa kosa la meza yangu ya kwanza.

Mota ikae pembeni, ekseli yake ikitazama juu, kwenye kibao chenye matundu marefu ili uweze kuisogeza. Juu ya ekseli funga gurudumu la mbao. Kama sehemu ya haba inayoshika mkanda ina kipenyo cha sentimita 12 na gurudumu la mota nalo ni 12, meza itazunguka sawa na mota. Gurudumu la 24 litakupa mara mbili. Mimi ninayo matatu, la 8, la 12 na la 24, na kwa spidi mbili za mota napata spidi sita bila kifaa chochote cha elektroniki.

Sasa mkanda. Meza yangu ya pili iliniangusha hapa. Nilikata ukanda mrefu wa tyubu ya baiskeli nikaufunga fundo. Kila fundo lilipopita kwenye gurudumu, meza ilishtuka, na kila mshtuko ulichora pete juu ya maji. Nilitumia wiki mbili nikidhani beringi ndizo mbovu, nikazibadilisha, pete zikabaki pale pale. Dawa ni tyubu ya lori: ilaze bapa, kata kwa upana wake vipande vya sentimita 2, na kila kipande ni pete kamili isiyo na kiungo popote. Vuta, pachika, sogeza mota mpaka mkanda ukaze kiasi cha kutoteleza. Basi.

Usawa kwanza, katikati baadaye

Hapa ndipo nitakuchosha, na sitaomba radhi.

Weka pima maji ya waashi juu ya plaiwudi. Sawazisha kwa vipande vya kadibodi chini ya mbao. Halafu zungusha meza nusu mzunguko kwa mkono, pima maji ikiwa juu yake bila kuiondoa. Kama kiputo kimehama, kosa liko katika sehemu mbili: plaiwudi imekaa upande juu ya haba, na bolti nayo haijasimama wima. Rekebisha mbao mpaka kiputo kikae mahali pale pale kila pembe unayozungusha, hata kama mahali penyewe si katikati. Kiputo kisipohama, bolti iko wima, na hilo ndilo unalotaka. Plaiwudi kulala upande kidogo hakuna madhara makubwa. Bolti kulala upande ni balaa.

Kisha chombo. Makopo yale ya plastiki angavu ambayo maduka huwekea mandazi na peremende yanafaa, ukichagua lenye ukuta ulionyooka. Liweke juu ya meza, izungushe polepole, na ushikilie penseli pembeni ya kopo bila kuisogeza. Penseli itagusa upande uliotokeza tu. Gonga upande huo kwa kidole, rudia, mpaka penseli iguse pande zote sawasawa. Bana kopo kwa vipande vinne vya mbao vilivyopigiliwa kulizunguka. Usiamini gundi.

Tia maji nusu ya kopo, usizidishe. Bandika kipande cha utepe mwekundu kwenye ukingo wa meza, washa mota, na kwa saa ya simu hesabu mizunguko 20. Gawanya 1,200 kwa sekunde ulizopata: hiyo ndiyo N.

Halafu ngoja. Maji hayazoei mzunguko mara moja. Kama kazi ya kuyashawishi ingekuwa ya msuguano wa ukuta peke yake, kopo la sentimita 20 lingechukua masaa. Bahati nzuri sakafu ya kopo inasaidia: tabaka jembamba la maji linaloigusa husukumwa nje, linapanda ukutani, na maji ya katikati yanashuka kuchukua nafasi yake, hivyo kopo zima linachanganywa kimya kimya. Vagn Walfrid Ekman, Mswidi, ndiye aliyelipigia hesabu tabaka la namna hiyo mwaka 1905, akiwaza upepo na bahari. Kwa maji yenye kina cha sentimita 10 na mizunguko 60 kwa dakika, kila sekunde 40 hivi tofauti ya mwendo iliyobaki kati ya maji na kopo inapungua kwa zaidi ya nusu. Yape maji dakika 4 au 5. Kwa majaribio ya wino, yape 15.

Kabla ya kupima kimo kwa rula, funga simu kwenye waya imara uliosimama juu ya meza, izunguke pamoja na maji na kuyapiga video, na upande wa pili weka jiwe la uzito huo huo. Video hiyo ni daktari wa meza yako. Ukiona shimo limetulia tuli lakini haliko katikati ya kopo, kopo limekaa kando; rudi kwenye penseli. Ukiona maji yanapiga ukuta mara moja kila mzunguko, bolti imelala. Rudi kwenye pima maji. Ukiona vimawimbi vidogo vya haraka, ni mtikisiko wa mota. Weka vipande vya tyubu chini ya kibao chake. Makosa yote matatu yanaonekana sawa kwa mtu aliyesimama pembeni, ndiyo maana wengi hukata tamaa wasijue wameshindwa na nini.

Mafuta juu ya maji

Tia maji yenye rangi nyekundu ya chakula sentimita 5, kisha mimina mafuta ya kupikia sentimita 5 juu yake taratibu kwa kijiko. Una nyuso mbili sasa: ya mafuta na hewa, na ya mafuta na maji. Zungusha. Baada ya dakika kadhaa, nyuso zote mbili zinachukua parabola moja, kina kile kile, kama mabakuli mawili yaliyopandana. Mafuta mepesi, maji mazito, umbo halijali. Sababu ni rahisi: kitu kizito kinavutwa chini zaidi na kinasukumwa nje zaidi, kwa uwiano ule ule, kwa hiyo uzito unajifuta wenyewe.

Kinachotofautiana ni muda. Jaribu makopo mawili kwa zamu, moja la maji na moja la mafuta. Mafuta yanazoea haraka mara kadhaa kuliko maji, kwa sababu ya mnato wake. Asali karibu haingoji kabisa.

Majani ya chai, na mto Semliki

Tupa kijiko cha majani ya chai yaliyolowa kwenye maji yanayozunguka. Yatazama na kutawanyika. Sasa zima mota na uishike meza isimame. Ungetarajia majani yatupwe ukingoni, sivyo? Yanakuja katikati na kujikusanya kichuguu, kama yanavyofanya kikombeni ukikoroga chai.

Albert Einstein aliliandikia makala mwaka 1926. Maji ya juu bado yanakwenda kasi na yamejaa ukingoni. Yale ya chini yamepunguzwa mwendo na sakafu, hayana nguvu ya kukaa nje, hivyo mlundikano wa maji ukingoni unayasukuma kuja katikati. Yanayabeba majani, yanapanda juu katikati, lakini majani ni mazito, yanabaki.

Einstein hakuwa anawaza chai tu, alikuwa anawaza mito. Kwenye kona ya mto maji ya juu yanakimbilia ukingo wa nje, yanazama na kuuchimba, na yale ya chini yanarudisha mchanga ukingo wa ndani. Kona inazidi kupinda. Sisi Uganda tuna mfano unaohusu hata serikali: mto Semliki, unaotoka ziwa Edward kwenda ziwa Albert, ni mpaka wetu na Kongo katika sehemu yake ya chini. Unapohama kwa kula kingo zake, ardhi ya watu inajikuta ng'ambo.

Pazia la wino

Hili ni la macho tu, nalifanya wageni wakija. Kopo lijae maji sentimita 15, lizunguke dakika 15 kamili, simu ikiwa juu yake. Kwa bomba la sindano, dondosha matone mawili ya wino karibu na ukingo, polepole. Katika maji yaliyotulia wino ungetanda kama moshi. Hapa unasimama wima. Unajivuta na kujizungusha kuwa mapazia membamba yanayotoka juu hadi chini, yenye mikunjo, na ukitazama kutoka juu unaona mistari tu, kama alama za kisu. Maji yanayozunguka kwa kasi hukataa kuteleza tabaka juu ya tabaka. Safu nzima, kutoka sakafu hadi juu, inapenda kusogea pamoja. G. I. Taylor, Mwingereza, alionyesha hivyo kwenye matangi yake miaka ya 1920.

Kugandisha parabola

Parabola hukusanya mwanga mahali pamoja, na umbali wa mahali hapo kutoka katikati ya bakuli ni rahisi: 44,600 gawanya kwa N mara N, jibu ni sentimita. Kwa mizunguko 45 ni sentimita 22. Kwa 21 ni karibu mita 1. Wataalamu wa nyota hutumia jambo hili kwa ukubwa: huko Devasthal, India, kuna darubini yenye kioo cha zebaki cha mita 4 kinachozunguka taratibu, na chuo kikuu cha Arizona huyeyusha glasi ndani ya tanuri linalozunguka karibu mara 5 kwa dakika, wakapata vioo vya mita 8.4.

Zebaki usiiguse. Nasema hivi kwa sababu Busia si mbali na machimbo ya dhahabu, na kuipata ni rahisi kuliko inavyopaswa. Mvuke wake unaua mishipa ya fahamu polepole, na bakuli linalozunguka linauachia chumba kizima.

Tumia plasta ya Paris. Sufuria bapa la sentimita 40 juu ya meza, mizunguko 45. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumimina plasta kisha kuwasha mota: ilianza kushika kabla haijazoea mzunguko, nikapata kitu kama chapati iliyokunjwa kingo. Washa mota kwanza. Koroga plasta iwe kama uji mwepesi wa mgonjwa, imimine katikati kwa mkupuo mmoja huku sufuria linazunguka, na usiguse kitu mpaka ipoe, maana ikishika hutoa joto. Kina kitakuwa kama sentimita 4.5. Bandika karatasi ya alumini inayong'aa vipande vipande. Chungu kidogo cheusi kikiwekwa sentimita 22 juu yake saa sita mchana kinapata moto wa kweli. Usitazame ndani yake, na ukimaliza ifunike kwa gunia. Kuiacha juani ni kuacha jiko linawaka.

Spidi ikipanda sana

Kwa mizunguko 60 na nusu kipenyo cha sentimita 10, msukumo wa nje ni asilimia 40 tu ya uzito. Bakuli la mashine ya kutenga krimu ya maziwa, likizunguka mara 6,000 kwa dakika, kwa sentimita 5 tu kutoka katikati, linafika mara 2,000 ya uzito. Hapo parabola haina maana tena, maziwa yamesimama ukutani kama ukuta. Na hapo tofauti ya uzito, ile iliyojifuta kwenye umbo la uso, inarudi kazini: maziwa yaliyokonda, kwa kuwa ni mazito, yanabanwa nje, na krimu inabaki ndani. Meza yetu haifiki huko, na usijaribu kuifikisha. Kopo la plastiki likitoka kwenye mizunguko 300 linavunja pua.

Ila kuna njia ya mkono. Manu Prakash wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, alikuta kwenye zahanati hapa Uganda mashine ya kuzungushia damu ikizuia mlango usijifunge, kwa kuwa umeme hakuna. Mwaka 2017 yeye na wenzake wakatoa yao ya karatasi na uzi, ya senti 20 za dola, inayofika mizunguko 125,000 kwa dakika. Ni mchezo ule ule wa watoto wetu wa kizibo cha soda kilichopondwa na kutobolewa matundu mawili, uzi ukapita, ukavuta na kulegeza mpaka kikalia vuuu.

Na Kayabwe je?

Kila aliyepita barabara ya Masaka amesimama Kayabwe, kilomita 70 na kitu kutoka Kampala, akapiga picha kwenye ile duara ya ikweta, akaonyeshwa maji yakizunguka kulia upande mmoja wa ikweta na kushoto upande wa pili. Ni mchezo mzuri na mwenye nao anaufanya kwa ustadi, lakini dunia haimsaidii. Mita 20 kutoka kwenye mstari, mzunguko wa dunia ungeyageuza maji ya beseni mara moja kamili kwa miaka 870 hivi. Busia, ni kama miezi 4. Hata Boston, Marekani, ni siku moja na nusu. Mkono unaomimina maji, au geuko dogo la beseni likiwekwa chini, unayazungusha mara elfu na zaidi ya hapo.

Ascher Shapiro, wa chuo cha MIT huko huko Boston, alifaulu kuona athari ya dunia mwaka 1962 kwa tangi pana la karibu mita 2, maji yakatulizwa saa 24, tundu dogo katikati. Maji yakaenda kinyume cha saa. Mwaka 1965 watu wa Sydney, kusini mwa ikweta, wakapata kinyume chake. Kwenye ikweta hakuna cha kupata, na hilo nalo linapimika.

Toboa beseni katikati kabisa, ziba kwa kizibo kinachovutwa kutoka chini. Lijaze jioni, lifunike lisipigwe na upepo, milango ifungwe. Asubuhi funua kwa upole, weka vijiti viwili vya kiberiti, subiri tena saa moja, kisha vuta. Andika upande, na rudia kesho yake. Kwangu, asubuhi 5 mfululizo, vijiti vilikwenda kulia mara 3 na kushoto mara 2. Na ya nne kati ya hizo, paka alikuwa amekunywa kwanza.